Wanyama aje Bandari msimu mmoja? Mwamchukua ama mwamwacha?

Kaskazi86
Salamu zenu wana Mvita. Kwanza niseme, sijasikia tetesi yoyote, hili ni swali langu tu, msije mkalipeleka WhatsApp mkasema usajili umekamilika.

Victor Wanyama, kiungo mkabaji aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, ni mtu wa Juni 1991. Klabu ya Montréal kule Kanada aliondoka mwisho wa 2024, 2025 akapita Dunfermline kule Uskoti kwa mkataba mfupi. Tuseme ataka kucheza nyumbani, na Bandari, timu yetu ya Mombasa, waambiwe huyu hapa, ada ya uhamisho hakuna, mshahara tu. Mwamchukua? Mimi namchukua leo kabla ya Magharibi. Pale kati, uwanjani kwetu Mbaraki, hatuna mtu wa kuvunja shambulizi. Mpira ukipotea mbele, mabeki wa kati wabaki wakitazamana kama hawajuani.

Changamwe_Damu
Simchukui. Wanyama wa Southampton ningempokea Miritini kwa ngoma na vifijo. Huyu wa sasa miaka thelathini na nne imeshampita, goti lilishamsumbua, na wewe wataka kumweka Mbaraki saa tisa mchana mwezi wa pili, jua la kaskazi, jasho halikauki mwilini. Vijana wa miaka ishirini wenyewe dakika ya 70 washainama washika magoti. Kule Montréal baridi ilikuwa yamsaidia.

BintiTudor
@Changamwe_Damu baridi ipi? Montréal wacheza ligi ya Marekani, nayo huchezwa kiangazi chote, na mle ndani kuna Miami, Orlando na Houston. Houston ya Julai hata samaki wa Tudor Creek atoka jasho. Tafuta sababu nyingine, ya jua imekataa.

Changamwe_Damu
@BintiTudor sawa dada, jua nimekuachia. Goti je?

Ami_wa_Kuze
Wanangu, namba sita, yaani kiungo mkabaji, hachezi kwa miguu. Claude Makélélé alitoka Chelsea akaenda PSG mwaka 2008, umri 35. Watu wakasema amekwenda kula pensheni. Akacheza misimu mitatu, 2010 akanyanyua Kombe la Ufaransa. Hakuwa akikimbia kuliko wenziwe, alikuwa akifika kabla yao kwa sababu ameshajua mpira utaangukia wapi. Winga akizeeka amekwisha, kwa kuwa kazi yake ni mbio. Mkabaji akizeeka hupunguza eneo tu.

KopiteKisauni
Ami shikamoo. Lakini hilo la kupunguza eneo ndilo linalonitia shaka. Mtazame Pirlo, kiungo wa Italia. Milan walimwachia bure 2011, akaenda Juventus na miaka 32, akachukua ligi nne mfululizo. Kila mtu hulitaja hilo kwenye mabishano ya wazee. Hawasemi kwamba kushoto kwake na kulia kwake walikuwako Vidal na Marchisio, wale wawili walikuwa wakikimbia hadi mapafu yatoke. Pirlo alikuwa amekodishiwa miguu. Swali langu, Wanyama akija hapa, nani atamkimbilia?

Mtu_wa_Mbaraki
Nyinyi mwamdharau mtu mkubwa. Huyu ni Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na ndiye aliyewafunga Barcelona bao la ushindi. Bandari itapata wapi tena mtu kama huyo?

BintiTudor
@Mtu_wa_Mbaraki mbili umechanganya. Wa kwanza kucheza ni kakake, McDonald Mariga, akiwa Inter. Victor ni wa kwanza kufunga. Na lile la Barcelona, Novemba 2012, Celtic 2 Barcelona 1, lake lilikuwa la kwanza, kichwa kutoka kona. La pili ni Tony Watt. Messi akarudisha moja jioni kabisa.

Mtu_wa_Mbaraki
Kichwa ni kichwa dada. Ubao ulisoma Wanyama.

MwanaMajengo
Nitawapa kisa cha kwetu. Timu ya mtaa wetu, ligi za chini huko, msimu uliopita tulimrudisha kiungo mmoja wa zamani. Umri wake kwenye karatasi ni 38, mama yake asema zaidi. Kazi yake sasa ni kuuza vipuri. Jumamosi anakuja na kiatu kimoja cha zamani kimeshonwa kwa uzi wa nyavu ya samaki.

Mechi ya kwanza tulimcheka. Hakimbii yule bwana. Anatembea. Ila mtazameni kabla mpira haujamfikia: ashageuza shingo mara mbili, kushoto na kulia, na mwili ameuweka upande, hajaukabili mpira kifua wazi. Ukimfikia, mguso wa kwanza tayari umeshamvua mtu. Kisha mdomo. "Rudi! Acha! Mgeuze! Wako huyo!" Dakika tisini nzima. Beki wetu wa kulia, kijana ambaye alikuwa akipanda mbele hovyo, alitulia kama amenyweshwa dawa.

Lakini, na hapa ndipo nataka mnisikize, dakika ya 60 ikifika yule mtu amekwisha. Kabisa. Kocha asipomtoa, tunakula bao. Tulifungwa hivyo mechi tatu, zote kipindi cha pili, zote katikati, kwa sababu kocha alimwonea haya kumtoa.

Changamwe_Damu
@MwanaMajengo ahsante, umenifungia kesi.

MwanaMajengo
Sijakufungia kitu. Tulipanda daraja.

Changamwe_Damu
🤐

FundiGoti
Mimi ni mkandaji, nawashika wachezaji hapa mjini miaka mingi. Simjui Wanyama mwilini mwake kwa hivyo sitamsemea, nawasemea wengine niliowashika. Goti lililowahi kuumia halisemi siku ya mechi. Siku ya mechi damu imechemka, mtu aruka aanguka hana habari. Lasema kesho yake asubuhi. Kijana akiteremka ngazi huteremka. Yule mwenye goti la zamani hushika ukuta, hutanguliza mguu mzima, kisha auburura wa pili. Ukiona hivyo jua Jumatano hafanyi mazoezi, Alhamisi aweka barafu, Ijumaa aanza kunyosha. Yaani timu yamlipa wiki nzima apate dakika za Jumapili. Kwa timu yenye watu wengi haina neno. Kwa timu ya watu kumi na minane ni mtihani.

Kaskazi86
@FundiGoti hilo naliweka kando nikalifikiri. Lakini goti lenyewe lilimpata Agosti 2017 akiwa Tottenham (Spurs), baada ya mechi na Chelsea. Baada ya hapo kacheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, kacheza AFCON 2019 Misri akiwa nahodha, kacheza Montréal karibu misimu mitano. Goti bovu halifiki huko.

KopiteKisauni
Nusu fainali umeitaja mwenyewe, mimi sikutaka. Amsterdam, Mei 2019. Alianza. Ajax wakaongoza mbili bila. Mapumziko akatolewa, akaingia Llorente. Spurs wakafunga tatu. Nimemaliza.

BintiTudor
@KopiteKisauni wewe shabiki wa Liverpool una kinyongo cha Anfield 2018 tu, mlipocheza na Spurs. Wanyama aliingia, mpira ukapigwa ngumi na kipa ukamwangukia nje ya boksi, likaenda juu kule ambako hata popo hafiki. Bao la mwezi lile.

KopiteKisauni
Siku ile nilikuwa baraza ya Kisauni na mashabiki wa Spurs wawili tu mtaa mzima. Wawili! Makelele yao nayasikia mpaka leo. Tuendelee na mada tafadhali.

BahariaLikoni
Mwataja Juventus na PSG, mfano wa karibu mmeuruka. Michael Essien. Kiungo, Mwafrika, Chelsea, magoti yalimtesa, 2017 akiwa na miaka 34 akaenda Persib ya Bandung, Indonesia. Joto lile lile, unyevu ule ule, viwanja vya namna yetu. Mimi meli yetu ilitia nanga Tanjung Priok mwaka ule, na hata bandarini Jakarta, si Bandung, uliona jezi za buluu zimeandikwa Essien, mpaka kwa muuza mihogo. Timu ikamaliza ya 13 katika timu 18.

Mhasibu_Ganjoni
@BahariaLikoni umesema mawili kwa pumzi moja na watu watasikia moja. Jezi ziliuzwa. Ndilo jambo langu. Bandari ni timu ya Mamlaka ya Bandari, mshahara hautegemei mlangoni, kwa hiyo watu hudhani mashabiki si kitu. Nendeni Mbaraki siku ya mechi ya kawaida mkatazame jukwaa. Mtu waweza kulala ukajinyosha. Ikija Gor Mahia au Ingwe (AFC Leopards) za Nairobi ndipo pajaa, na wengi ni wao. Mtoto wa Mikindani leo anajua safu nzima ya Arsenal, muulize kipa wa Bandari. Wanyama akikanyaga hapo, hata kama ni dakika thelathini, yule mtoto atapanda matatu.

Changamwe_Damu
Atapanda mara moja. Wiki ya pili atataka kuona bao.

KocheMdogo
Mimi nafundisha vijana Kongowea, chini ya miaka 17. Naomba niseme jambo ambalo halitapendwa. Nina mtoto namba sita. Kila jioni anamaliza kubeba magunia sokoni ndipo anakuja mazoezini. Anapora mipira bila kucheza rafu, pasi zake fupi, hana makelele. Tukimleta Wanyama, huyu atakaa nje msimu mzima aangalie. Pwani ndiyo yetu hiyo, twajenga jina la mtu aliyekwisha kujengwa, na aliyeko nyumbani anaambiwa subiri. Akichoka kusubiri aenda Nairobi, kisha mwasema Pwani haina vipaji.

Ami_wa_Kuze
@KocheMdogo mwanangu, na nani atamfundisha huyo mtoto wako kugeuza shingo mara mbili, kama alivyosema kijana wa Majengo? Video?

KocheMdogo
Mimi, Ami. Mimi nipo.

Ami_wa_Kuze
Maneno mazuri. Allah akuzidishie.

Yanga_Pwani
Tanzania jambo hili walishalitatua, nyinyi bado mko kwenye hesabu za umri. Chama wa Zambia ni wa 1991 kama Wanyama, miezi hiyo hiyo. Simba walimuuza Berkane ya Morocco 2021, wakamrudisha Januari 2022, kisha 2024 Yanga tukamchukua bure na miaka 33. Akaja akaongeza ubingwa. Tofauti ni kwamba yeye hakutumiwa kama farasi. Alikuwa akiingia dakika ya 60, akafanya yake, akaondoka.

KopiteKisauni
Chama ni kiungo mshambuliaji, bwana. Huyo aweza kuingia dakika ya 60 watu wamechoka akawachezea. Mkabaji unamwingizaje dakika ya 60? Yeye ndiye anahitajika saa ile ile ambayo hana pumzi. Au mwataka aanze atoke, kama kiungo wa Majengo?

MwanaMajengo
Ndiyo. Aanze atoke. Dakika 55, mkataba uandikwe hivyo. Kocha asionee mtu haya.

Mhasibu_Ganjoni
Mkataba wa dakika 55 unalipwa wa dakika 90. Hapo ndipo penye shida ambayo hamjaigusa. Niliwahi kuwekea hesabu timu moja ya Pwani hii, siitaji. Waliletewa jina kubwa. Yeye akalipwa tarehe moja, wenzake wakaambiwa hundi iko njiani. Haikufika mwezi, chumba cha kubadilishia nguo kikawa na makundi mawili. Hakuwa na kosa yule mchezaji, alikuwa mtu wa adabu, hata nauli akiwapa wadogo. Lakini ukimpa mtu nauli kwa pesa ambazo yeye mwenyewe angepaswa kuwa nazo, hakushukuru.

BintiTudor
Hili la Mhasibu ndilo la kwanza leo lililonishtua.

Mtu_wa_Mbaraki
Bandari walipa vizuri lakini. Si timu ya kuombaomba. Tumechukua ligi sisi.

Ami_wa_Kuze
Lini?

Mtu_wa_Mbaraki
2018.

Ami_wa_Kuze
2018 walimaliza wa pili nyuma ya Gor. Msimu uliofuata wa pili tena, nyuma ya Gor tena. Vikombe ndiyo, 2015 na 2019. Ligi ilikuja Mombasa 1965 na walioileta ni timu ya Feisal. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, tukitoka kwa maalim twakimbia na vitabu kwapani kwenda kuwatazama. Siku hizo mchezaji alikuwa afanya kazi gatini asubuhi, jioni yuwacheza, usiku mwamkuta kwenye kahawa. Hakukuwa na jambo la kusajili jina.

BahariaLikoni
Ami, na wazee walikuwako katika Feisal? Wa miaka 34?

Ami_wa_Kuze
Walikuwako. Hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa, basi nani angewauliza?

Changamwe_Damu
😂😂 Ami umetumaliza.

Kaskazi86
Baada ya kombe la 2019 tulikwenda Kombe la Shirikisho la Afrika, tukawatoa Ahly Shendi ya Sudan, tukawatoa Ben Guerdane ya Tunisia, Horoya ya Guinea ndio waliotufunga mlango. Mechi za nyumbani tulizichezea Kasarani maana Mombasa hapakuwa na uwanja uliokubaliwa. Mnakumbuka? Safari ya treni kwenda kuitazama timu ya nyumbani ikicheza "nyumbani". Mwaka ule tungekuwa na mtu mmoja wa kuzima mpira pale kati, nani ajua.

FundiGoti
Uwanja wenyewe ndio usajili wa kwanza. Goti la mzee kwenye ardhi ngumu iliyokauka, hata ukilikanda kwa mafuta ya simba. Ule uwanja wa Tononoka wameanza kuuvunja lini, tumechoka kuulizana.

KopiteKisauni
Tukianza uwanja hatutamaliza leo.

BintiTudor
Mkitaka kucheka, mwajua Dar walimpa mtaa? 2017, Ubungo. Kibao kikasimikwa, Mtaa wa Victor Wanyama, yeye mwenyewe akiwepo. Wenye mtaa hawakukubali, kibao kikang'olewa fasta.

Yanga_Pwani
Tulimpenda, ila mtaa ni mtaa. Angalau tulijaribu. Hapa kwenu Mombasa kuna kichochoro chochote chenye jina lake?

Mtu_wa_Mbaraki
Akija Bandari tutampa kuanzia Mbaraki mpaka Ganjoni.

Mhasibu_Ganjoni
Ganjoni mtatuuliza kwanza.

Dereva_Mtwapa
Nimesoma yote nikiwa stendi nangoja abiria. Mbona hakuna aliyesema aje kama kocha-mchezaji? Afundishe, akitaka aingie.

BahariaLikoni
@Dereva_Mtwapa Edgar Davids alifanya hivyo Barnet, Uingereza, 2012 na miaka 39. Msimu uliofuata akajipa jezi namba 1, kiungo, kipa akatafute nyingine. Kadi nyekundu zikamwandama, Januari 2014 akaondoka. Mchezaji mkubwa akiwa kocha wa watu wadogo hukasirika, kwa sababu aona mambo ambayo wao hawayaoni, na mguu wake haumpi tena nafasi ya kuyafanya mwenyewe.

Dereva_Mtwapa
Wanyama si mkali hivyo. Mtulivu yule.

KopiteKisauni
Mtulivu? Umeangalia kadi zake Southampton na Spurs? Mkabaji mtulivu ni mlinzi wa benki.

KocheMdogo
Mimi bado niko palepale. Kama ni kufundisha, aje afundishe, nitampa hata viatu vyangu. Kama ni kucheza, kuna mtu anacheza.

Kaskazi86
@KocheMdogo na kama huyo mtoto angecheza pembeni yake? Wanyama akae chini pale mbele ya mabeki, mtoto akimbie. Kopite aliuliza nani atamkimbilia. Jibu ndilo hilo. Mtoto ana miguu, mkubwa ana macho.

KocheMdogo
Ana miaka 16.

Ami_wa_Kuze
Wanyama mwenyewe aliitwa Harambee Stars 2007 akiwa na 15. Acha woga.

KocheMdogo
Ami, mama yake hataki hata aende Kilifi na timu, sembuse kukimbilia mtu Mbaraki saa tisa.

Changamwe_Damu
Na jua limerudi kwenye mada 😂 Dada wa Tudor uko wapi?

BintiTudor
Nipo. Houston, mwezi wa saba. Kaangalie hali ya hewa kisha urudi.

MwanaMajengo
Jamani kabla hamjalala, mechi ya Jumapili Mbaraki ni saa tisa ama saa kumi na robo? Kiungo wetu wa vipuri ataka kuja kutazama, na yeye akikosa dakika ishirini za kwanza hununa.

Mhasibu_Ganjoni
Saa tisa. Mwambie aje na kofia. Na alipe mlangoni, nyinyi watu wa Majengo mna tabia ya kupitia nyuma.

Scholes_Bombolulu
Nimechelewa kuingia. Scholes wa Manchester United alistaafu 2011, Januari 2012 akarudi, jezi 22, na akawa ndiye bora pale kati mpaka mwisho. Mchukueni Wanyama.

KopiteKisauni
Na ubingwa 2012 ulikwenda wapi?

Scholes_Bombolulu
Tofauti ya mabao tu. Hiyo si kosa la Scholes.

KopiteKisauni
Sikuuliza kosa la nani. Nimeuliza ulikwenda wapi.